Mkate Wenye Ufa

Alhamisi Kuu ile jiko letu lilikuwa baridi. Katika kila nyumba ya mtaa wetu, kuanzia kanisani hadi kwenye banda la kukaushia mpira, harufu ya mchele, nazi na bizari nyembamba ilikuwa imekwisha kupanda pamoja na mvuke. Kwetu sufuria ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya rafu, kwa sababu nyumba iliyofiwa haipiki mkate wa Pesaha, ule unaovunjwa nyumbani jioni ya Alhamisi Kuu, kabla mwaka haujatimia. Huletewa.

Na katika ukoo wetu anayeleta ni ndugu wa damu wa marehemu. Jirani haleti, hata awe na upendo wa namna gani, maana kufanya hivyo ni kumtangazia ndugu yule kwamba hafai. Baba yangu, Eapen, alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Punnoose. Na Punnoose ndiye aliyekuwa ameshika usukani siku baba alipokufa.

“Mkate umefika?” aliuliza Ammachi, bibi yangu, mama wa ndugu hao wawili. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake karibu na mlango, amevaa nguo zake nyeupe za kanisani, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee.

“Haujafika,” Amma, mama yangu, akajibu, “na ukifika utawakuta kuku wana njaa.”

“Kuku wako hawajafunga siku arobaini na tano, Aleyamma. Mimi nimefunga. Nina miaka themanini na miwili, na tangu Februari sijaonja hata kichwa cha dagaa. Wakiula mkate wangu, Jumapili nitawala wao.”

Amma hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikaacha, kwa kuwa nilikuwa ninahesabu muda. Nyumbani kwetu mkate huvunjwa kabla taa haijawashwa. Baba mdogo angefika jua likianza kuinama, na Amma angemfukuza ngazini, mbele ya mama yake mzazi. Angemfukuza kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu. Nilipaswa kusema kabla hilo halijatokea. Nilikuwa nimepaswa kusema kwa muda wa miezi tisa.

Ilikuwa Julai, mvua zikiwa zimeshika. Nilishuka kwenye treni stesheni ya mji wa Kottayam nikitoka chuoni, pamoja na rafiki zangu wawili. Basi la kwetu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nikampigia simu baba mdogo, kwa kuwa ndiye mwenye gari.

“Nitakuja, mole, binti yangu,” akasema. “Ngoja nimalize kutandaza mpira, saa moja hivi.”

Saa moja! Sketi yangu ilikuwa imelowa, na nilikuwa na miaka kumi na tisa, umri ambao mtu huona saa moja ya mvua kuwa dhuluma. Nikashusha sauti. Nikamwambia nipo peke yangu, kuna wanaume watatu wananizunguka, mmoja ameshika begi langu, ninaogopa, aje upesi. Kisha nikakata simu, nikarudi kwenye kibanda cha chai ambako rafiki zangu walikuwa wameniwekea ndizi za kukaanga, za moto. Hapakuwa na wanaume. Palikuwa na mwenye kibanda, mzee anayesinzia, na mbuzi.

Baba alikuwa huko kwenye banda la mpira akimsaidia mdogo wake. Aliposikia, aliingia garini akiwa amefunga vifungo vya shati vibaya. Kwenye kona iliyo juu ya mto, gari liliacha barabara.

Amma hakuwepo nyumbani siku ile. Alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alichopata kukijua ni kwamba walikuwa wanakuja kunichukua na kwamba hapakuwa na sababu ya kukimbia. Alimwuliza Punnoose hospitalini, mguu wake ukiwa umefungwa mbao, kwa nini aliendesha vile. Baba mdogo alisema, “Nilikuwa na haraka.” Basi Amma alijaza mwenyewe lililokosekana. Alisema Punnoose alikuwa anakimbilia kilabu cha pombe ya mnazi kabla hakijafungwa. Mtaa mzima ukasema hivyo. Yeye hakukanusha.

Siku ya maziko baba mdogo alinisogelea akiwa na magongo yake. Alinong’ona, “Wale watu wa stesheni usimtajie mtu yeyote, hata Amma wako. Msichana akisema aliguswa begi, kesho watu watasema aliguswa kingine. Hilo niachie mimi.”

Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwamba analinda jina langu dhidi ya watu ambao hawakuwapo.

Tangu hapo nimejifunza kwamba mtu anaweza kuhukumu kwa haki na bado akamhukumu asiyestahili. Amma hakuwa mwanamke katili. Alipima ushahidi aliokuwa nao, na ushahidi uliobaki nilikuwa nimeukalia mimi.

Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, adhuhuri, kanisani kwetu kila mtu humwomba kila mtu msamaha. Padri hutangulia kupiga magoti mbele yetu. Kisha sisi hupita mmoja mmoja, wanawake upande wao na wanaume upande wao, tunagusana viganja. Huyu husema, “Nisamehe,” na yule hujibu, “Mungu atusamehe sote.” Maneno hupita haraka, kwa kuwa mstari ni mrefu na magoti yanauma. Mwaka huu, nilipofika mbele ya Amma, nilisema “nisamehe” na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa ninaomba kweli. Viganja vyake vilikuwa vikavu. Alijibu, “Mungu atusamehe sote,” huku macho yake yamekwisha kuhamia kwa mwanamke aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitoka na jibu lile kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake sokoni akaharakisha kabla mwenyewe hajageuka. Kwa siku kadhaa nilijidanganya kwamba linatosha. Lakini jioni moja nilimsikia Amma akimwambia Ammachi, “Mungu anaweza kumsamehe Punnoose akitaka. Mungu hakupoteza mume.” Nikajua kwamba nilichokiokota si changu.

Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi Kuu, nilikwenda kuungama. Padri Geevarghese ni mzee, na huziba sikio lake bovu kwa kidole ili lile zima lifanye kazi vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

“Ondoleo nitakusomea, mole,” alisema. “Hiyo ni kazi yangu, na Mungu si bahili. Lakini kesho utaula mkate wa Punnoose?”

“Sijui kama Amma ataupokea, Padri.”

“Sikuulizi habari za Amma. Nakuuliza wewe.” Akabadilisha kidole. “Mungu umemwambia jambo alilokuwa analijua. Wasiojua ni wawili, na wote wanakaa chini ya kilima hiki.”

Alfajiri ya Alhamisi, waumini walipoinuka kukaribia meza ya Bwana, mimi nilibaki nimeketi. Tuliporudi, Amma aliniuliza njiani, “Mbona hukukaribia?”

“Sikuwa tayari.”

“Na jana kwa Padri ulikwenda kufanya nini? Kuhesabu mishumaa?”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatazama barabara.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye alasiri ile. Nilifagia ua mara mbili. Niliosha vyombo safi. Mara tatu nilisimama nyuma ya Amma aliyekuwa akikuna nazi ya kupikia mboga ya usiku, nikafungua kinywa, na mara tatu nikauliza jambo jingine: maji yamekwisha? Nifunge mbuzi? Kuni hizi zinatosha?

“Una nini leo?” akasema bila kugeuka. “Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

“Sina kitu, Amma.”

“Basi kaa chini. Unanitia kizunguzungu.”

Ndipo nilipoisikia sauti ile. Ilikuwa ya kifuniko cha birika kikigonga, kikinyamaza, kikigonga tena. Kilikuwa kinagonga kila mguu mbovu ulipokanyaga. Ilitoka njiani, ikapita kwenye miti ya mpira iliyofungwa vikombe vya utomvu, ikaingia uani kwetu.

Baba mdogo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Hakuoa, anaishi peke yake na moshi wa mpira. Mikononi alishika sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na kwenye kidole kimoja imening’inia birika ndogo ya tui la nazi lililopikwa kwa sukari guru na iliki.

Amma alitoka akasimama juu ya ngazi, mikono ikiwa bado na chicha. “Umepotea njia?”

“Hapana, shemeji. Nimeleta Pesaha.”

“Nani kakupikia?”

“Nimepika mwenyewe.”

“Punnoose!” Ammachi aliita kutoka ndani. “Umechelewa! Hata kuzaliwa ulichelewa wiki mbili!”

“Mvuke ulinisumbua, Mama!” alijibu, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtoto.

Amma alishuka ngazi moja. Nilidhani atampokea. Aliinua jani la mgomba, akautazama mkate. Ulikuwa mweupe, mnene, na juu yake umelazwa msalaba wa makuti ya Jumapili ya Matawi. Amma ameupika mkate ule kwa miaka ishirini na sita. Hakuhitaji kutazama sana.

“Kuti hili halijaiva,” akasema.

Baba mdogo aliishika sufuria kwa nguvu zaidi.

“Msalaba huwekwa kabla ya mvuke, unapauka pamoja na mkate. Hili ni bichi kabisa. Umeliweka baadaye.” Akalibandua kwa ncha za vidole viwili. Chini yake ulipita ufa, kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili.

Kwetu mkate wa Pesaha ukipasuka katika mvuke, watu husema msiba unarudi katika nyumba itakayoula. Mwenye kupasukiwa hupika mwingine.

“Nilipika mara tatu,” baba mdogo alisema polepole. “Yote mitatu ilipasuka. Unga ulikuwa umekwisha. Nikaona nisije mikono mitupu kwa Mama.”

“Ukaficha ufa kwa msalaba.” Sauti ya Amma ilikuwa ya chini, na kwa hiyo ilinitisha zaidi. “Ndivyo ulivyo, Punnoose. Unavunja, kisha unatafuta kitu kitakatifu cha kufunikia. Rudi na mkate wako. Nyumba hii imezika mara moja, inatosha.”

Hakubisha. Aliinama kwa shida, akaiweka sufuria kwenye ngazi ya chini kabisa, na birika kando yake, akageuka. Mguu ukakanyaga, lakini safari hii hapakuwa na kifuniko cha kugonga.

Angekuwa amefika kwenye mti wa kwanza wa mpira kabla sijakusanya ujasiri, lakini mguu mbovu ulinihurumia. Nilishuka ngazi nikapiga magoti kwenye mchanga, kama tunavyofanya ile Jumatatu.

“Amma, nisamehe.”

“Mungu atu…” alianza, kwa mazoea tu, kisha akasita. “Nini? Umefanya nini?”

“Mole, nyamaza,” baba mdogo akasema. Alikuwa amegeuka. “Inuka. Nenda ndani.”

“Nilimpigia simu nikiwa stesheni. Nilimwambia kuna wanaume wananisumbua. Ndiyo maana alikimbia. Hakuwa anakwenda kilabuni.”

Amma alimtazama baba mdogo. Nilimwona akiipanga upya ile miezi tisa, mwezi mmoja baada ya mwingine. “Kweli?”

“Mtoto aliogopa,” akasema baba mdogo. “Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Sikutaka jina lake lizungumzwe barabarani. Sasa amesema, yamekwisha. Msimlaumu kwa kuogopa.”

Pale ndipo ningeweza kunyamaza. Nataka kulikiri hilo pia. Mlango ulikuwa wazi: yeye amesafishwa, mimi nimehurumiwa, mkate unaingia ndani. Uliobaki ulikuwa uongo mmoja mdogo, na aliyekuwa anaushikilia kwa furaha alikuwa baba mdogo mwenyewe.

“Baba mdogo,” nikasema, “hapakuwa na wanaume.”

“Unasemaje?”

“Nilitunga. Mvua ilikuwa inanyesha, nami sikutaka kungoja.”

Alinitazama kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. “Hapakuwa na hata mmoja?”

“Hapakuwa.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa ninakula ndizi za kukaanga. Na rafiki zangu.”

Alirudi hatua zake zote na kuketi kwenye ngazi, kando ya sufuria, mguu mbovu umenyooka mbele yake. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine baada ya ajali ile ila hicho: kwamba alikimbia kumwokoa mtoto. Nilikuwa nimekichukua.

“Kaka alikuwa analia njiani,” alisema, akiuambia mkate. “Alikuwa ananipiga begani, ‘Kimbia, Punnoose, kimbia.’”

Amma alipanda ngazi akaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba chake na baba ukifungwa. Sijui ulipita muda gani. Jua lilifika kwenye vichwa vya minazi, na mwanga ukawa mwekundu juu ya ukuta. Nilibaki kwenye mchanga. Niliogopa kuinuka, na niliogopa kwamba hatatoka.

“Mbona kimya?” Ammachi aliita. “Mnakula bila mimi?”

“Hapana, Mama.”

“Nimesikia yote. Kilichoharibika ni macho.” Alikohoa. “Ingia, mwanangu.”

“Shemeji hajasema.”

Mlango ulifunguliwa. Amma alikuwa amenawa uso na mikono. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe ambacho baba alikuwa akikitandika kila mwaka siku kama ile. Alisimama juu ya ngazi, na hakunitazama.

“Kwa nini hukuniambia, Punnoose?”

“Ungemtazama mtoto wako kwa jicho gani?”

“Kwa jicho nililokutazama wewe miezi tisa.”

“Ndiyo hilo,” akasema. “Nililijua lilivyo.”

Amma alikaza midomo. “Gari uliendesha wewe.”

“Niliendesha mimi. Sijakataa, wala sitakataa.”

Akashuka hadi ngazi ya mwisho, akainama, akaiokota sufuria. “Ingia. Mama yako ana njaa, na kuku wangu hawana hatia.”

Kitambaa kilitandikwa kwenye mkeka mbele ya Ammachi. Tulisimama kwa sala, kisha tukaketi. Mkuu wa nyumba ndiye avunjaye, na mkuu wa nyumba hakuwepo. Amma alisukuma sahani kuelekea kwa baba mdogo. Aliushika mkate kwa mikono ile ambayo hukata gome la mti wa mpira kila alfajiri bila kuujeruhi mti. Hakuwa na haja ya nguvu. Mkate uliachana penye ufa.

Tunapokea kwa umri. Ammachi alipokea kwa viganja viwili, akauchovya kwenye tui, akasema umezidi chumvi. Amma alipokea. Kisha baba mdogo akashika kipande cha tatu, akakitazama, nami nikakiangalia mkononi mwake. Hakukinyoosha. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, sijui kama ningekuwa na mkono wa kunyoosha.

Amma akakichukua kutoka mkononi mwake. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokiri akanitazama usoni. Yalikuwa ni macho niliyokuwa nimeyaogopa kwa miezi tisa, na hayakuwa mepesi kuliko nilivyoyaogopa.

“Sijakusamehe,” akasema.

“Ndiyo, Amma.”

“Usije ukasema kwa Padri kwamba nimekusamehe.”

“Sitasema.”

“Na huyu hapa utamwomba mwenyewe, kila siku, hadi achoke wewe au uchoke yeye.” Alichanganya maneno kwa hasira na hakuyarekebisha. “Haya, kula.”

Nilipokea kwa viganja viwili. Ulikuwa umezidi chumvi kweli. Nilikula wote. Chembe moja ilianguka kwenye kitambaa cha baba, na kabla sijaigusa, Amma alilowesha ncha ya kidole chake, akaiokota, akaila, kwa kuwa mkate ule hautupwi.

Mwakani, Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, nitapita tena mbele yake katika mstari ule wa wanawake. Sijui atanijibu nini. Ninachojua ni kwamba hatanijibu huku akimtazama aliye nyuma yangu.